Tundu la Kwanza

Siku ya kugawa kabati la kanda za kumbukumbu za kompyuta, Mama Kanda, mkubwa wa chumba hicho, alivaa miwani yake ya sherehe. Kabati lilijaza chumba kizima: matundu mia moja na ishirini ya kuwekea kanda, visomaji vinne vya kuzisoma na kuziandika, na mkono wa chuma uliokimbia nyuma ya kioo ukichukua kanda na kuzirudisha bila kuomba likizo. Kompyuta mbili, ya redio na ya ramani, zililigombania kila asubuhi, kila moja ikijiona mke mkubwa.

"Redio tupe visomaji vitatu," alisema shemeji yake, mtunza sauti za redio.

"Viwili, shemeji. Na ushukuru."

"Kaka yangu hakuoa mke, alioa mahakama!"

"Na wewe ulizaliwa na kufuli mkononi. Nani mwingine hufungia sukari ya ofisi?"

Wakacheka. Kisha shemeji akaacha mzaha. "Ila kanda ya Mama, angalia sana. Mchana naitolea nakala."

Marehemu mama mkwe aliwahi kusoma salamu redioni, dakika kumi na moja tu. Sauti yake haikubaki popote pengine. Kwa heshima, kanda hiyo ilikaa tundu la kwanza kabisa.

Mama Kanda akakohoa kama hakimu, akaandika: *Redio, 1 hadi 60. Yaliyobaki, Ramani.* Haki ikawa imetendeka. Akaenda kunywa chai.

Kikombe hakijafika mdomoni, skrini ikaonyesha: *Tundu 0, kwenda Ramani.*

Sifuri! Mashine ile ilianza kuhesabu kwenye sifuri. Alilijua hilo miaka kumi na tisa, na leo, kwa ajili ya miwani ya sherehe, alikuwa amehesabu kama binadamu. Tundu la kwanza lilikuwa limeangukia kwenye "yaliyobaki". Na kompyuta ya ramani ilikuwa na tabia moja mbaya: kanda ambayo haikuitambua iliihesabu kuwa tupu, ikaandika juu yake na kufuta yaliyomo.

Akabonyeza kusimamisha, lakini kanda ilikuwa imeshaingia kisomajini; akaelekea kwenye kabati. Hakukimbia, maana mkubwa wa chumba hakimbii, ila kiatu kimoja kilibaki njiani.

"Shemeji, mbona mguu mtupu?" aliuliza mtunza sauti.

Akamweleza yote, bila kuficha neno. Shemeji akakaa chini, sakafuni. Ndipo skrini ikaandika: *Imeshindikana kuandika. Kanda imefungwa.*

Mkono ukaileta kanda dirishani. Pembeni mwake palikuwa na kilango kidogo chekundu, kimesukumwa upande wa kufunga, ili kanda isiandikike tena.

"Nilikifunga mwaka juzi," shemeji alisema polepole. "Mazoea tu."

Mama Kanda akavua miwani, akaandika upya: *Redio, 0 hadi 59.* Kisha wakaisikiliza kanda yote, dakika kumi na moja, huku kompyuta ya ramani ikisubiri zamu yake.

Kesho yake alibisha hodi ofisini kwa shemeji, viatu vyote viwili miguuni, akaomba ufunguo wa sukari kwa adabu zote.