Maji ya Saba

Kalondu aliinamisha sufuria, akazuia mbegu kwa kifuniko, na maji ya nne yakatoka yakiwa na rangi ya majani yaliyooza. Aliyamwaga katika shimo alilochimba kando ya meko, kisha akalifukia kwa mguu, mbuzi wa jirani wasije wakayalamba. Nzivu, mbegu za mti wa porini, zilitaka kuchemshwa kwa maji saba. Uchungu ulitoka mapema, kwenye maji ya tatu. Sumu ndiyo iliyokawia. Mwezi uliopita, ng'ambo ya mto, watu wa nyumba ya Ndolo walishindwa kungoja, wakala kwenye maji ya tano. Mikono yao ilianza kutetemeka kabla jua halijatoka kwenye kizingiti. Walizika watoto wawili.

Mwaka huo, 1984, mvua ilikuwa imekikosa kijiji cha Nuu kwa misimu miwili. Mbuvi, mume wake, alikuwa amehamisha ng'ombe kuelekea mto Tana. Nyumbani walibaki wanne: Kalondu, mama mkwe wake Kaluki, na wasichana wawili, Mutindi wa miaka saba na Mumbua wa miaka mitatu. Tangu jana Mumbua hakuwa ameomba chakula, na hilo lilimtisha Kalondu kuliko kilio chochote. Katika debe yalibaki maji ya kuchemshia mara tatu tu. Aliyekwenda mtoni asubuhi alirudi jioni.

"Dada Kalondu, bado unaabudu sufuria?"

Alikuwa Kasyoka, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, amesimama uani na kitambaa cheupe kichwani. Mchungaji alikuwa amefika kutoka Mwingi. Alikuja mara moja kwa miezi mitatu, na leo angemwekea Kalondu mikono awe kiongozi wa maombi ya akina mama.

Kalondu aliishia darasa la pili. Kwa miaka tisa alikuwa ameteka maji, amesaga, amefua, amepika, na hakuna mtu aliyewahi kusimama kanisani akayataja hayo. Alikuwa amemwomba Mungu ampe kazi yenye jina. Sasa kazi ilikuwa imekuja, na yeye alikuwa na masizi mpaka viwikoni.

Alieleza kwamba yamebaki maji matatu. Kasyoka akacheka, akasema hajawahi kuona nzivu zikitoroka, na kwamba Kaluki alizipika kabla wao wawili hawajazaliwa. Kaluki naye, akiwa amempakata Mumbua, alimwambia aende. Maji matatu si kazi ya wanawake wawili. Kalondu alinawa kwa kiganja kimoja cha maji, akabadilisha leso, akaenda.

Kanisani walimpigisha magoti mbele pamoja na wengine watatu. Mchungaji alianzia upande wa pili. Alikuwa amebakiza mtu mmoja kumfikia Kalondu, wakati mtoto wa mtu alipolia huko nyuma, na mara akanyamazishwa kwa ziwa. Kilio kilikuwa kifupi sana. Lakini Kalondu alimkumbuka Kaluki. Huyo mama hakuwa na ukali wowote mbele ya mtoto anayelia. Wiki nzima alikuwa akiwapa wajukuu sehemu yake na kudai ameshiba. Huyo hangengoja maji saba.

Akasimama. Kasyoka akamshika sketi.

"Unamkimbia Mungu?"

"Nimewaacha watoto na sumu," Kalondu alisema, akajinasua.

Alikimbia njia yote, viatu mkononi. Alikuta sahani mbili chini, Mutindi ameshika kijiko, na Kaluki anakoroga ili zipoe.

"Wamekula?"

"Bado."

"Ni maji ya ngapi, mwaitu?"

Alimwita hivyo siku zote, kama mama aliyemzaa. Kaluki aliangalia mwiko, kisha shimo.

"Nilimwaga mara moja. Au mbili. Huyu mdogo alilia, nikambeba nje, niliporudi..."

Debe lingesema ukweli, lakini watoto walikuwa wamekunywa humo. Maji yaliyobaki yalitosha mara moja tu. Kalondu alizirudisha nzivu kwenye sufuria, akayamimina yote, akasukuma kuni. Mutindi alitupa kijiko, akalia bila machozi.

"Mama, yamechemka," alisema baadaye. "Ona, yamechemka kabisa."

Kalondu alihesabu pumzi zake mpaka akapotea, akaanza upya. Alipomwaga, hakuna aliyejua kama ni maji ya sita au ya saba, na hayakuwepo mengine. Alichota kijiko, akakiinua. Desturi ilikuwa aliyepika ale kwanza, wengine wangoje mpaka jua litoke kwenye kizingiti, wakiitazama mikono yake. Ndivyo wanawake wote wa huko walivyofanya.

Kaluki alimshika mkono.

"Lete hapa."

"Kosa ni langu, mwaitu. Mimi ndiye niliyeondoka."

"Kosa tutagawana baadaye. Kijiko ni kimoja, na hawa wanakuhitaji wewe."

Alikula vijiko vitatu, polepole, akitafuna kama mtu aliye karamuni. Kisha akaiweka mikono yake miwili juu ya magoti, viganja wazi, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona.

"Sasa omba," alisema. "Si ulitoka hapa kwenda kuomba?"

Kalondu alipiga magoti kando ya meko, na masizi yakaishika leso yake nzuri. Siku zote alifumba macho akiomba. Leo hakuthubutu. Aliitazama ile mikono, yenye nyufa zilizojaa moshi wa miaka, akaanza, "Baba yetu, hapa tulipo..." Kidole kimoja kikasogea. Sauti yake ikakatika.

Ni Mumbua. Alikuwa amekishika kidole, akikivuta apate kupanda magotini kwa nyanya yake.

Kalondu alivuta pumzi, akaendelea, macho wazi. Jua lilikuwa bado kwenye kizingiti.