Mheshimiwa Waziri Ameshiba

Mimi nina wivu, na sioni haya kusema. Wengine huuficha wao kama kikohozi kanisani. Wangu nautoa nje upate hewa. Siku ile Baba Biar aliposimama bungeni kujibu maswali ya ajira na biashara, nilikaa mbele ya runinga nyumbani kwetu Gudele, hapa Juba, kikombe cha chai mkononi, nimejiandaa kujivunia mume wangu. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshapata adui.

Mume wangu ni Majak, Waziri wa Ajira na Biashara Ndogo. Aliyemuuliza alikuwa Mheshimiwa Nyaruot, yule mbunge mwanamke, mrefu, mwembamba, asiyepaza sauti hata siku moja. Kila kikao ana swali kwa mume wangu, utadhani serikali nzima ina wizara moja. Siku hiyo alitaka kujua vijana wa Juba wamepata kazi gani, kisha akaongeza: "Na Mheshimiwa Waziri asitusomee karatasi. Atutajie biashara moja tu aliyoiona kwa macho yake mwenyewe."

Wabunge wakacheka. Nikasema, leo amepatikana. Lakini Majak aliiweka karatasi chini, akashika tai yake, akaanza kusimulia habari za mwanamke.

"Pale Sherikat, karibu na daraja, kuna mama anaitwa Kisakye," alisema. "Alianza na sufuria moja ya maharage. Leo vijana wetu wanakula jasho lao kwake: wanaopika, wanaobeba maji, wanaopeleka chakula kwa madereva wa malori. Samaki wakavu anawafuata mwenyewe bandarini mtoni, anawanusa mmoja mmoja, halafu anawapika na karanga. Na ukichelewa, Mheshimiwa Spika, anakuwekea sahani yako kando, ameifunika."

Sahani yako! Anakuwekea! Mimi nimemfunikia mtu huyu sahani tangu Biar hajazaliwa, na sasa Biar ana ndevu yuko chuo Eldoret, na hakuna bunge lililowahi kuambiwa. Isitoshe, aliyasema hayo kwa sauti ya chini, yenye joto, sauti ambayo naijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiyo iliyonitoa Kitale.

Huko Kitale mama yangu alikuwa na hoteli ndogo nyuma ya stendi. Majak alikuwa mwanafunzi mkimbizi, miguu mirefu, shati moja. Alikuja kila jioni msimu mzima, akakaa kwenye benchi, akanitazama nikipanga sahani, na hakula chochote. Mama akimpelekea ugali na sukuma, anashukuru, anasema ameshiba. Ameshiba wapi, na mbavu zilikuwa zinahesabika? "Huyu kijana anakidharau chakula changu," mama alilalamika. Mimi nikamtetea, nikasema ni aibu ya umaskini, hataki kula cha bure. Mara ya kwanza kumwona akitafuna ilikuwa baada ya harusi, na siku hiyo alikula kuku mzima.

Tulifunga ndoa kanisani. Kabla sijakubali nilimwekea sharti moja tu, kwa sababu nilijua kwao, watu wa ng'ombe, wanaoa mpaka zizi liishe: mke ni mimi, na baada yangu hakuna mwingine. Akaapa. Akaapa tena mbele ya mama. Nikamwambia, siku ukileta wa pili, mimi napanda basi la Kitale na sirudi. Anajua sikutania.

Jioni ya siku ile aliingia nyumbani akipiga mluzi.

"Mama Biar, ulinisikia?"

"Nilikusikia. Chakula kiko mezani."

"Nimekula Sherikat. Ilibidi nirudi kuangalia mambo kadhaa. Nyaruot hataridhika na jibu la leo, namjua, Jumatano atarudi na swali la nyongeza."

Mimi masikio yangu yalikomea kwenye "nimekula". Nilimtazama jicho pembe, nikaona tone la mchuzi wa karanga kwenye tai. Tai niliyomnunulia mimi.

"Huyo Kisakye ana umri gani?"

"Sijui. Wa kawaida."

"Ana mume?"

Akacheka, akanipiga begani kama mbunge mwenzake, akaenda kuoga. Mwanamume akiulizwa habari za mwanamke akacheka, hapo pana jambo. Usiku ule sikulala upande wake.

Jumatano nilivaa gauni la bluu, lile la kwenda ikulu, nikajitia manukato, nikapanda gari hadi Sherikat. Dereva nilimwacha barabarani. Nilitaka kuingia kwa miguu yangu, nimwone huyo mchawi wa karanga uso kwa uso, na nikikuta ni kweli, basi sanduku langu lilikuwa tayari chini ya kitanda.

Hoteli ya Kisakye ni mabati na maturubai, lakini siku hiyo ilijaa mpaka nje. Tangu itajwe bungeni kila mtu anataka kula pale pale alipokula waziri. Juu ya friji palikuwa na redio imefunguliwa kwa sauti ya juu, kwa kuwa kikao kilikuwa hewani na wateja walingoja kusikia kama hoteli yao itatajwa tena. Katikati ya moshi alisimama mwanamke mnene, mfupi, kitambaa kichwani, mikono imejaa unga.

"Malesh, samahani mama, viti mafi, hakuna!" alinipigia kelele. "Ngoja kidogo, hawa iko karibu kumaliza."

"Sikuja kukaa. Mimi ni mke wa Waziri Majak."

Nilitegemea atetemeke. Alifuta mikono kwenye aproni, akanikumbatia. Unga wote ukahamia kwenye bluu yangu.

"Mama Biar! Huyu bwana yako anakusema kila siku! " Akamgeukia kijana wake wa kazi. "Jonah, toa huyo dereva ya lori kwa kiti, keti hapa, mama, keti."

Nikaketi kwa hasira. Nikamwambia wazi kwamba mimi si mtoto, kwamba waziri mzima hawezi kuwa anavuka mji kila siku kwa ajili ya maharage, na kwamba kama kuna kitu kati yake na mume wangu anieleze sasa hivi, mbele ya samaki hawa. Wateja waliokuwa karibu waliacha kutafuna ili wasikie vizuri.

Kisakye alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mimi? Na huyu? Mama, huyu anakula hapa! Unajua namna anakula? Anapasua kichwa ya samaki, anafyonza, anaramba vidole, anaomba ingine. Mwanaume ya kwao anaweza kula namna hiyo mbele ya mwanamke anapenda?"

"Kwa nini asile?"

"Hawakukwambia?" Alivuta kibao akakaa karibu. "Bwana yangu, Ayuel, ni mtu yao. Mbele ya kunioa, alikuwa anakuja kwa hoteli, ananunulia watu chakula, yeye hapana kula. Maji tu. Mimi nasema, huyu ananiona mchafu? Nikamchukia! Kumbe watu yao iko hivyo. Kama anakutaka, hawezi kutafuna na wewe unamuona. Iko aibu kubwa. Hata mwanamke, kama naye anamtaka, hapana kula mbele yake. Lakini dada yake, shangazi yake, huyo anakula mpaka jasho. Vijana wa siku hizi wameacha. Hawa wakubwa bado, iko kwa damu." Akanipiga goti. "Mimi ni shangazi, mama. Niko kwes kabisa, roho yangu safi."

Jamani! Nilimwona Majak kwenye benchi la mama, mbavu nje, akisema ameshiba, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba alikuwa akinililia njaa kila jioni msimu mzima. Mwanamume mwingine angeleta maua. Wangu alishinda na njaa. Nilicheka hadi machozi, nikamwomba Kisakye radhi, nikaagiza samaki na asida, ugali wa huku, nikala kwa mikono miwili na gauni la ikulu.

Na alikuwa samaki mtamu, kusema kweli.

Nilikuwa nimefika katikati ya sahani redio iliposema, "Swali la nyongeza, Mheshimiwa Nyaruot." Kisakye akapaza sauti wote wanyamaze.

"Namshukuru Mheshimiwa Waziri," ilisema ile sauti isiyopanda. "Nilimwomba aone kwa macho yake, akaenda akaona. Sasa namwomba aende na bandarini, akaone vijana wanaopakua mizigo."

"Nilikwenda jana, Mheshimiwa," mume wangu akajibu, kwa sauti ya chini, yenye joto. "Nilijua utaniuliza."

Wateja walipiga makofi, maana bandari ni yao pia. Mimi mkono wangu ulibaki hewani na tonge.

Nilikumbuka Jumapili ya mwezi uliopita. Majak alialika kamati nzima ya bunge nyumbani. Nilipika tangu alfajiri: chapati, kuku wa kienyeji, mbuzi wa kukaanga. Kamati ilikula ikafungua vifungo. Majak alikaa mkabala na Nyaruot na glasi ya maji, akasema ameshiba. Nikajiambia, nani atakula mbele ya mtu anayemsulubu kila kikao? Na Nyaruot mwenyewe, naye wa watu wa ng'ombe vile vile, niliposukuma sinia kwake alitabasamu akaniambia, kwa Kiswahili safi cha Nakuru alikosomea, "Dada, chai tu inatosha." Hata mandazi hakugusa. Nilimsema kwa majirani wiki nzima, kwamba anaringa.

"Kula, mama," Kisakye aliniambia. "Inapoa."

Simu ikalia. Kikao kilikuwa kimekwisha.

"Mama Biar, uko wapi? Kelele hizo? Sikiliza, jioni nitapita nyumbani na Mheshimiwa Nyaruot, kuna majibu ya maandishi anataka tuyapitie. Usihangaike na kupika. Chai tu. Mimi nimeshiba."

Nilinawa mikono. Nikamwambia Kisakye anifungie samaki mkubwa kuliko wote, na karanga asibane. Aliniangalia usoni, cheko likamwisha. Alimchagua mwenyewe, akamnusa, akamfunga kwa foili mara mbili.

Saa moja jioni walikuwa mezani kwangu, karatasi katikati yao, kila mmoja upande wake, kwa heshima tele. Hawakugusana hata kwa kidole. Ningewakuta wanagusana ningejua la kufanya. Nilisogeza karatasi zote pembeni, nikamweka samaki pale katikati, nikafunua. Harufu ilijaa nyumba.

"Karibuni," nilisema. "Ametoka kwa Kisakye."

Majak alimeza mate. Nilimwona. Mtu huyu alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Nimeshiba, Mama Biar."

"Mheshimiwa?"

"Asante, dada," alisema Nyaruot, akiangalia meza. "Chai tu."

Basi nikavuta kiti, nikakaa kati yao, nikala mimi. Sikuharakisha. Nilimla samaki yule mbele yao wote wawili, kama mtu anayekula na kaka yake na wifi yake, nikapasua kichwa, nikafyonza, nikaramba vidole. Machozi yalinitoka nikayaacha, nikasingizia pilipili, ingawa Kisakye hatii pilipili.

Nilipomaliza nilisukuma mifupa kando.

"Mheshimiwa Waziri," nilisema, "mimi pia nina swali la nyongeza, na nakuomba usinisomee karatasi. Ulipokuwa kwa mama yangu Kitale, kwa nini ulikuwa huli?"

Aliinua kichwa. Mtu aliyejibu bunge zima bila kukwama alishika tai yake. Nami nilikuwa tayari kumsamehe, naapa, kama angeniangalia mimi.

Alimwangalia Nyaruot kwanza.

Nikaenda chumbani kuvuta sanduku.