Jina la Ng'wanzalima

Hotuba ya mgeni rasmi haina mwisho, na joto chini ya turubai la mahafali si la mchezo, ndipo Mwalimu Zaituni, aliyeketi jukwaani na orodha ya majina ya darasa la saba mapajani, anafumba macho kidogo tu, na kiti kinazama, naye anazama nacho, anatokea barabarani, na barabara inaingia katika mji wa vioo, nyumba vioo, kuta vioo, na kila kioo kinamwonyesha kitenge chake, hereni zake, na mahali pa uso patupu kama sahani iliyooshwa. Anajipapasa. Pua haipo. Wapita njia, nao hawana nyuso, wanamsalimu kwa adabu zote: Habari za kutwa, nanihii. Karibu mjini, nanihii. Mimi si nanihii, anasema, naitwa, naitwa... na jina lake halitoki.

Mmoja wao anamshika mkono. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Zaituni kwa mazoea. Nilipewa kitu kabla sijajua kusema, na wenzangu wanakitumia kuliko mimi. Jina, anasema Zaituni, hilo hata watoto wa chekechea wanalijua. Haya, anasema yule asiye na uso, taja la yule, utaoneshwa njia ya kurudi.

Yule ni msichana aliyekaa mwisho wa barabara, mwenye uso peke yake katika mji mzima, na Zaituni anamjua, ni mwanafunzi wake, anamwita kwenye mahudhurio mwaka wa nne huu. Lakini jina lake hawezi kulitamka. Msichana akiwa darasa la nne, Zaituni alilijaribu jina hilo mara moja, akaliharibu, watoto wakacheka, naye akacheka nao, akasema majina mengine yatamvunja mtu taya, na tangu siku hiyo akawa anamwita nanihii. Yeye, mwalimu wa Kiswahili, anayemkata mtoto alama kwa herufi moja! Aibu inampanda hadi anatamani barabara immeze.

Shikamoo mwalimu, anasema msichana. Jina hili ni la bibi mzaa baba. Baba akiniita, anamwita mama yake. Siku ya wazazi ulisema nanihii mbele yake. Nyumbani hakula.

Nisamehe mwanangu, nifundishe. Msichana anavuta pumzi, anafungua kinywa...

Mwalimu! Mwalimu Zaituni, majina! Mwalimu mkuu anamtikisa, anampa kipaza sauti, wazazi wanapiga makofi. Zaituni anasoma jina la kwanza, la pili, la tatu, na la nne ndilo lile. Anateremka jukwaani mbele ya watu wote, anainama kwenye benchi la wahitimu. Jina lako linatamkwaje, mwanangu?

Ng'wanzalima anatazama viatu vyake. Ungeniuliza darasa la nne, mwalimu.

Baba yake, nyuma yake, anageuza uso pembeni. Zaituni anajifinya mkono, akiomba iwe bado anaota. Inauma. Lakini hata kule ndotoni aibu iliuma.