Risasi ya Pili

"Mlipanga! Mlipanga nyie wawili, mkanipeleka kule machimboni mnifanye kichekesho."

"Hakuna aliyekucheka, shemeji."

"Ulicheka wewe. Nilikuona."

"Nilikohoa. Vumbi lile."

"Vumbi gani, na mvua imenyesha jana?"

Isidori alikuwa amesimama katikati ya sebule ya fundi Bashiri pale Katesh, kofia mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. Marko, mdogo wake Letisia, yaani mdogo wa mke wake, alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango wa uani. Naye sauti ilikuwa juu, ila Marko akigombana huwa anatabasamu, siyo kwa dharau, ni woga tu, mdomo unajiendea wenyewe. Na hilo tabasamu ndilo lililokuwa linamchoma Isidori kuliko maneno. Mezani, mbele ya fundi, juu ya blanketi la kijivu, zimelala raifo mbili, bunduki za mitutu miwili miwili, kimya, kama vile ugomvi hauzihusu.

Sasa sikia ilivyokuwa. Mwaka ule mkoa wa Manyara ulikuwa bado mbichi, mtu ukimuuliza anatoka mkoa gani anakujibu Arusha halafu anajishika mdomo. Kampuni za uwindaji zilishajaa kwenye vitalu vya porini, wageni wanakuja na ndege zao. Isidori, mtoto wa Bashay, alianzia huko kama mbeba maji. Akawa msoma nyayo, akawa mwanafunzi wa mwindaji, mpaka akafanya mtihani wa serikali na kufaulu. Mwindaji bingwa, kabisa, ndivyo cheti kinavyosema. Padri alimtaja kanisani Jumapili na kina mama wakapiga vigelegele.

Lakini mwindaji bingwa lazima awe na bunduki yake, ya kumsimamisha mnyama anayekuja. Huwezi kumlinda mgeni na bunduki ya kuazima. Basi kuna Mgiriki mmoja mzee wa Arusha, miguu imemkataa, pori limemshinda, akasema ataachia moja kati ya raifo zake mbili. Moja tu, nyingine abaki nayo aitazame ukutani. Akazileta kwa Bashiri, ambaye ana leseni ya kutengeneza bunduki na mkono wa taratibu, ili Isidori azijaribu na kuchagua. Ile itakayokataliwa inarudi Arusha kesho asubuhi na basi la kwanza, Bashiri mwenyewe anaisindikiza.

Moja wanaiita mia tano, kwa unene wa risasi yake. Ukiishika hiyo risasi unaona kama umeshika mhogo mdogo wa shaba. Nyingine ni mia nne, ya zamani zaidi, nyembamba, kitako kimechubuka. Zote zinaruhusiwa kwa mbogo na kwa tembo. Ila Isidori alishachagua hata kabla hajaziona. Alisema mia tano kilabuni, akasema mia tano mnadani, akamwambia Letisia mpaka Letisia akachoka, akasema kama ni mume wa mia tano basi na yeye anunuliwe kitenge cha mia tano.

Asubuhi hiyo walikwenda kwenye machimbo ya mawe ya Mogitu, Bashiri ameshawaarifu polisi kwamba milio itasikika. Wakasimamisha debe. Isidori akapiga mia tano, mtutu wa kulia. Debe likaruka, kweli, lakini na Isidori naye akarudi nyuma, kofia ikaanguka. Akacheka, akasema huyo ndiye mnyama.

Wakati wa kupakia tena, Marko akamsogelea Bashiri akamnong'oneza kitu. Bashiri akaweka risasi nzima mtutu wa kulia, na wa kushoto akaweka risasi isiyo na baruti. Ni ujanja wa mafundi wa zamani. Mlipuko ukiwepo huoni chochote, unaona moshi na mtu anayumba. Mlipuko usipokuwepo ndiyo unaona mtu anafanya nini kabla yake.

Isidori akapiga ya kulia. Bunduki ikampandisha akaangalia mawingu. Akaishusha, akatafuta triga ya nyuma, kifyatulio cha mtutu wa kushoto, akavuta. Tik. Na kila mtu akaona: macho yamefumbwa, bega limejikunja, na mdomo wa bunduki umeinama chini kama jembe. Ulikuwa unaangalia majani pale mbele ya miguu yake.

Sasa hayo majani ndiyo ugomvi wenyewe. Maana kazi yao iko hivi: msoma nyayo anatangulia, macho chini, mwindaji yuko nyuma yake. Mbogo aliyejeruhiwa akitoka kichakani, msoma nyayo hakimbii. Akikimbia anaziba njia ya risasi. Anachuchumaa pale pale alipo, kichwa magotini, na mwindaji anapiga kupitia juu yake. Mtu anakabidhi kisogo chake. Na msimu huu, wa kuchuchumaa pale mbele ni Marko.

"Ungeniambia," Isidori alisema. "Ungeniambia kiume, shemeji nina wasiwasi. Siyo kunong'ona na mzee kama mwizi."

Marko akamjibu kwamba alimwambia wiki nzima, alimwambia walipokuwa Endasak, alimwambia njiani kwenye pikipiki, na kila akimwambia anajibiwa mia tano, mia tano. Hata ile mia nne amekataa kuigusa, kana kwamba ina upele.

Isidori akasema basi, kama Marko anaogopa abaki nyumbani apalilie maharage. Wasoma nyayo wako wengi, toka hapa mpaka Dongobesh, atachukua mwingine.

"Chukua," Marko alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha sasa. "Ila mwambie kwanza achuchumae wapi."

Fundi Bashiri akakohoa. Mwamvita, mke wake, aliyekuwa anaingia na sinia la chai, akageuka na sinia lake akarudi jikoni bila kuulizwa.

"Wewe mtoto unajua kwa nini nataka mia tano," Isidori alisema. "Unajua vizuri sana. Muulize kaka yako."

Akaelekeza kofia kwenye kiti cha pembeni, alipokaa Safari.

Safari ni kaka mkubwa wa Marko na Letisia, na asubuhi naye alikuwepo machimboni. Fimbo yake iko kati ya magoti. Nyonga ya kushoto ilivunjika ikaungana vibaya, akitembea anachora nusu duara kwa mguu. Miaka ile Isidori alipokuwa mwanafunzi wa mwindaji, Safari ndiye aliyekuwa mbele yake. Mgeni alimjeruhi mbogo, wakamfuata kwenye korongo lenye vichaka, mbogo akatoka. Safari akachuchumaa kama inavyotakiwa. Isidori alikuwa na bunduki ya kampuni, nyepesi, ya mtutu mmoja, ya kuvuta bolti kabla ya kila risasi. Akapiga, mbogo akaendelea kuja, akamrusha Safari juu. Tangu siku hiyo Isidori anasema jambo moja tu, kila mahali, hata akiwa amelewa: bunduki ilikuwa ndogo. Ingekuwa kubwa, Safari angekuwa anacheza mpira na watoto wake.

"Kaa, Isidori," Safari alisema.

Isidori hakukaa.

"Basi simama. Mimi nilikuwa pale chini. Wewe ulikuwa unaona pembe, mimi nilikuwa nasikia. Risasi yako ilimpata. Ilisikika kama mtu amepiga godoro kwa fimbo. Yule mbogo alipiga magoti. Akainuka. Na mimi nikawa nasubiri ya pili."

"Nilikuwa navuta bolti."

"Najua. Nilisikia ukivuta. Hata mimi ningekuwa bado navuta. Sikulaumu, sijawahi. Lakini umekaa miaka yote hii unasema ile risasi ilikuwa ndogo. Haikuwa ndogo. Ilikuwa moja."

Nje, pikipiki ilipita ikipiga honi. Isidori aliikunja kofia, akaikunjua.

"Mbona hukuniambia?"

Safari akaitazama fimbo yake. Alisema ni vigumu. Mtu amekubeba mgongoni toka korongoni mpaka kwenye gari, njia nzima analia kama mtoto, analowesha mikono yako kwa machozi, halafu wewe unamwambiaje. Aliona heri amwache alaumu chuma. Chuma hakina roho, hakiumii. Ila leo kule machimboni aliyaona yale majani, na Marko ni mdogo wake wa tumbo moja.

"Hiyo kubwa," alimalizia, "ya pili yake itachelewa vilevile. Utakuwa bado unaangalia mawingu."

Fundi Bashiri akapata nafasi. Akavuta blanketi karibu, akasema mtu asiseme fundi anamfanyia biashara Mgiriki, lakini hebu watazame vitako. Hii kubwa inang'aa kama kabati la harusi. Hii nyembamba imelika mpaka rangi imetoka. Yule mzee amekaa porini maisha yake yote. Je, wanadhani alikuwa anabeba ipi?

"Watasema mwindaji bingwa anabeba bunduki ya mke wake," Isidori alisema. Alijaribu kuifanya utani, lakini haikutoka kama utani.

"Watasema," Bashiri alikubali. "Katesh wana kazi gani nyingine?"

Marko alicheka, mara hii kweli, na Isidori akamtazama.

Isidori akaizungusha kofia. Unajua mtu akiwa anapigana na mdomo wake mwenyewe, na yote aliyokwisha kuyasema kilabuni. Halafu akaweka kofia mezani na kunyoosha mkono kwa mia nne. Bashiri akamwahi. Akaifungua bunduki katikati, akawaonyesha wote matundu mawili matupu, mwanga unapita, akaweka risasi mbili zisizo na baruti, akampa.

Isidori akaipandisha begani, akielekea ukuta usio na dirisha.

Na Marko, hakuna aliyemwambia, akatoka alipokuwa ameegemea. Akapita pembeni, akaenda mbele ya Isidori, akampa mgongo. Akachuchumaa juu ya mkeka wa Mwamvita, kichwa magotini, mikono imefunika kisogo.

Isidori akashusha bunduki. Alimwambia Marko ainuke, hapa ni nyumbani kwa watu. Marko hakuinuka. Sauti yake ilitoka kati ya magoti, imebanwa.

"Anakuja, shemeji."

Isidori akaipandisha tena. Tik, akavuta triga ya mbele. Tik, ya nyuma. Safari alikuwa anatazama mdomo wa bunduki, siyo uso wa mtu. Kwenye tik ya pili mdomo ulikuwa umezama kidogo. Kidogo tu, lakini kwa kisogo cha mdogo wako kidogo ni kingi.

"Tena," alisema Safari.

Bashiri akaiandaa upya. Isidori akavuta pumzi. Tik, tik. Bado jicho lilikuwa linapepesa.

"Tena. Usisubiri teke la bunduki. Hii haikupigi kama ile kubwa. Mtazame mbogo."

Wakarudia. Wakarudia mpaka Mwamvita akachungulia, akaona mtu amechuchumaa kwenye mkeka wake na mwingine amemsimamia na bunduki, akamwuliza mumewe kama hii ndiyo kazi aliyomwambia, na mumewe akampungia mkono. Jasho lilikuwa linamtoka Isidori katika baridi ile ya Katesh. Marko miguu imeanza kufa ganzi, lakini hajajigeuza hata mara moja kuangalia nyuma.

Tik, tik. Karibu pamoja, kama mtu anabisha hodi. Mdomo wa bunduki ulibaki pale pale ulipokuwa, juu ya kichwa cha Marko, sawa kama umepigiliwa, na macho ya Isidori yalikuwa wazi, mekundu, yamejaa maji.

Safari hakusema "tena". Akaweka fimbo chini.

Isidori akamrudishia Bashiri bunduki, taratibu, kwa mikono miwili. Akasema amwambie mzee wa Arusha abaki na kubwa yake, na asante. Akainama akamshika Marko kwapani akamwinua, maana miguu ilikuwa haimsikii, wakasimama uso kwa uso.

"Tunaondoka lini?" Marko aliuliza, anajisugua magoti.

"Kitalu kikifunguliwa."

Akachukua kofia yake. Akamuaga mzee Bashiri, akamshukuru Mwamvita kwa chai ambayo hakuinywa. Kwa Safari akasimama kidogo, akaweka mkono begani kwake, akauacha hapo. Kisha akasema anakwenda kumwambia Letisia kuwa ni mia nne, kabla watu wa kilabuni hawajamwambia, akatoka, akaufunga mlango.