Samaki Kumi

Jumatano saa nne asubuhi, katika salle ya jeux ya Gérard, chumba cha michezo ya televizio pale Mususa, mjini Butembo, televizio nne zilikuwa na mpira na ya tano ilikuwa na mwanamke aliyesimama. Alibeba beseni kichwani, na ndani ya beseni mlikuwa na samaki kumi. Alitakiwa kutoka Kyavinyonge, ziwani, apande hadi soko la Butembo kabla jua halijawaharibu. Lakini hakuna aliyeshika manette yake, kile kidude cha vitufe cha kumwendeshea, kwa hiyo alingoja kando ya mtumbwi, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine.

Katungu ndiye aliyemtengeneza. Alikuwa na miaka ishirini na minne, diploma ya informatique, na kompyuta iliyong'oka herufi tatu. Miezi kumi na minne aliuandika mchezo huo peke yake, na kila neno lililomo aliliandika kwa Kiswahili. Mchezaji akichelewa njiani, skrini haikumfukuza kwa lugha ya watu wengine. Ilimwambia: Samaki wameoza. Rudi ziwani.

"Sasa hii jeu iko ya nini?" aliuliza Zacharie, dereva wa pikipiki ambaye hakuwa ameshindwa mpira tangu Pasaka. "Mu mpira muko magoli. Mu vita muko risasi. Mu yako muko nini?"

"Muko njia."

"Njia minaionaka kila siku, dada. Bure, na mavumbi juu."

Watu walicheka.

"Unaionaka juu ya pikipiki," Katungu akamjibu. "Haujaibeba ku kichwa."

Gérard, mwenye salle, alikuwa mtu wa haki. Jumatatu flash ilikuwa inakuja kutoka Beni na mpira wa msimu mpya, na mashine ya tano haikuwa na nafasi ya kubeba michezo miwili. Akampa Katungu hadi Jumapili saa kumi na moja jioni.

"Mutu mumoja tu amalize," alisema. "Mumoja. Akimaliza, inabaki. Kama hapana, minafuta."

"Sawa, papa Gérard."

Akageuza kreti ya bia, akaketi karibu na televizio yake kama mtu anayelinda chungu cha maharagwe. Hakuondoka Alhamisi, hakuondoka Ijumaa. Waliopita aliwanyoshea manette. Wengine walimwambia kesho, wengine walimwambia pole.

Jumamosi mvua ilimwingiza Kalala. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa aliyeletwa kutoka Kasai, miaka mitatu sasa, na ziwa alikuwa hajaliona. Viti vyote vilikuwa na watu ila kimoja.

"Hii inachezwa namna gani?"

"Unatembea, mwalimu."

"Kisha?"

"Unafika."

Kalala alipangusa miwani kwa shati, akaketi. Mara mbili samaki walimwozea. Mara ya tatu alikuwa amejifunza kutembea penye kivuli cha mikaratusi na kuwanyunyizia maji kila penye kijito. Kisha akakuta barrière: kamba iliyokatiza njia, na mtu juu ya kiti. Akatoa samaki mmoja, kamba ikashuka. Mbele akakuta nyingine, akatoa wa pili. Mbele yake zilikuwapo tano zaidi.

Gérard alikuwa amesimama nyuma yao. Ujanani aliwahi kuchuuza samaki.

"We Katungu, uliandika barrière ngapi?"

"Mbili."

"Na hizi tano?"

"Zimejileta."

Gérard aliitikia kwa kichwa. "Njo vile. Hata kule zilijiletaka."

Mwalimu alifika sokoni na samaki watatu. Skrini ikaandika: Asante. Umefika. Kisha samaki wakatoka chini ya televizio, kwenye ule mwanya ambamo vumbi hukusanyika, mmoja mmoja, kichwa kwanza. Walikuwa tilapia wa ukubwa wa kiganja, matamvua yakichezacheza bado. Gérard akaleta ndoo.

"Mwalimu, uangalie. Maji isiguse manette."

"Pardon," alisema Kalala, akaisogeza.

Jumatatu flash ilipofika, mpira wa msimu mpya ulijazwa katika mashine nne. Ya tano haikuguswa. Kalala aliripoti kwamba samaki walikuwa na ladha ya ziwa, ingawa alikiri kwamba hakuwa na cha kuwalinganisha nacho.

Baada ya hapo watu walianza kuja wenyewe. Kina mama waliotoka sokoni waliweka mizigo chini wakashika manette. Wengi wao hawakuhitaji kuonyeshwa kivuli kiko wapi. Zacharie alikuja akisema anajaribu tu. Samaki walimwozea mara tisa, na mara ya tisa aliingiza uso katika kofia ya pikipiki akakaa hivyo kwa muda. Alipofika, akapokea watatu wake kwa mikono miwili.

"Yaya Katungu," alisema, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "njia yako iko muzito."

Salle moja ya Beni, kwenye njia ya Mavivi, iliomba nakala. Kule nako samaki walitoka, watatu watatu. Katungu alipoulizwa kama ataongeza bunduki ili mchezo uuzike, alisema hapana, na akaendelea kusahihisha rangi ya maji ya kijito.

Wiki ya tatu alikuja mtu aitwaye Jacob. Alikuwa na kamba ya bluu, kiti cha plastiki na beseni. Alifunga kamba mlangoni, akaketi. Hakusema ametumwa na nani, wala hakuulizwa. Kila aliyetoka na samaki watatu alimwachia mmoja, kamba ikashuka, akaenda na wawili. Siku ya pili watu walikuwa wameshazoea, hata hawakukatiza mazungumzo yao walipoinama kwenye beseni.

Siku ya tano Jacob aliingia ndani na kuvua kofia.

"Mademoiselle, bakubwa banasema hivi. Utoe zile barrières mu jeu yako, zinatuharibishia jina. Ukitoa, na mimi minatoa kamba ku mulango."

Hata wa mpira walisimamisha mpira.

"Yaya, toa," Zacharie alinong'ona. "Samaki kumi kwa mutu! Kumi!"

Katungu alitazama mstari wa watu uliofika hadi barabarani. Kisha akamtazama mwanamke wake kwenye skrini, beseni kichwani, akingoja.

"Barrière mbili niliandika mimi, kwa sababu niliziona," alisema. "Hizo nitazifuta siku ile zitatoka mu njia. Tano ni za kwenu. Mimi sijui ziliingilia wapi. Shika manette, papa Jacob. Fika kwazo, uzitoe mwenyewe."

Akampisha kreti.

Jacob aliketi. Alicheza vizuri, maana njia ile aliijua. Samaki walimwozea mara moja tu. Barrière sita alizipita kwa adabu, akitoa samaki mmoja mmoja. Kwenye ya saba, mtu wa kitini alikuwa na koti lake, na kofia yake, na uso wake. Walitazamana.

"Zungumuza naye," alisema Katungu. "Iko wewe."

"Minamujua," alisema Jacob. "Hatasikia."

Akabonyeza. Samaki mmoja akatoka katika beseni la mwanamke, kamba ikashuka, akaendelea. Sokoni alifika na watatu. Skrini ikamshukuru. Samaki wakatoka kichwa kwanza, na Gérard akamfungia katika gazeti.

Jacob alisema asante, akaenda hadi mlangoni. Kamba ilikuwa imefungwa na kiti kilikuwa kitupu. Akasimama mbele ya kamba. Kisha akafungua gazeti, akaweka samaki mmoja katika beseni, akaishusha kamba, akavuka, akaifunga tena nyuma yake, akaketi kitini na wawili wake mapajani.

Katungu alikausha manette kwa ncha ya kitenge.

"Nani anafuata?" aliuliza.