Uwanja Uliobaki

Mwewe aliviona vigingi kutoka juu. Wanaume watatu waliovaa fulana za kung'aa walikuwa wakivipigilia kwenye nyasi, katika mstari ulioikata njia ya kurukia ndege kama mshono wa kidonda. Alizunguka mara moja, akashuka chini kidogo ili wajue kwamba anataka kutua. Waliinua macho, kisha wakarudi kwenye nyundo zao. Ikambidi atue kwenye kipande kilichosalia, breki zikilalamika, mpaka ndege ikasimama hatua chache kutoka kigingi cha mwisho.

Jina la Mwewe alipewa na marubani wenzake, kwa sababu hakutua kamwe bila kuzunguka kwanza. Alikuwa mwanamke mjane mwenye mvi za kutosha, aliyenyunyizia dawa mashamba ya pamba miaka mingi kabla ya kugeuka mwalimu wa urubani. Wanaume wale, wapimaji wa ardhi, walimweleza bila kiburi wala huruma: kulikuwa na rasimu ya sera mpya. Viwanja vyote vidogo visivyokuwa na safari za ratiba vingefungwa, na ardhi hiyo ipewe matumizi mengine.

Jioni hiyo wenye ndege wote walikusanyika ndani ya banda la ndege pale uwanjani, wamechemka. Walimchagua Mwewe awe msemaji wao, naye akakubali kabla hawajamaliza kumbembeleza. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Daktari, ambaye kila wiki aliruka kwenda kutibu watu katika vijiji vya ng'ambo ya mto, kule ambako daraja lilizama kila msimu wa mvua. Yeye na Mwewe walijifunza urubani pamoja, kwa mwalimu mmoja mkali, na tangu hapo walitaniana kama ndugu.

"Siku kamati ya bunge itakapoijadili sera hiyo, tutaujaza ukumbi wao," alisema Daktari. "Wabunge wenyewe wakose pa kukaa."

Walicheka. Mwewe alirudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi, karibu afurahie kwamba vigingi vimekuja.

Zikaanza safari za ofisini. Wizara ya uchukuzi ilisema suala ni la ardhi. Idara ya ardhi ikasema wao wanatekeleza tu, arudi uchukuzi. Alipigwa danadana mpaka akazizoea korido: ile yenye harufu ya rangi mbichi, ile ambayo lifti yake haikuwahi kufanya kazi. Katibu muhtasi mmoja alimzoea hata akawa anamwekea kiti karibu na dirisha. Mkubwa mmoja alimpokea kwa tabasamu na chai, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alipofika barabarani ndipo alipotambua kwamba hakuambiwa neno hata moja la kushika.

Huku nyuma, banda lilikuwa likipungua. Uwanja mkubwa wa jijini ulitangaza nafasi kwa watakaohama mapema, na watu wakahama. Kwanza aliondoka mfanyabiashara mwenye ndege mbili, akiomba radhi kwa simu. Kisha ndugu wawili waliopiga picha za mashamba kutoka angani. Fundi wa ndege alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akasema ukweli wake: fundi hufuata ndege ziliko, naye ana watoto wanaokula. Mwewe hakumlaumu. Alimsaidia kupakia vifaa vyake garini.

Daktari alikuwa wa mwisho. Alimkuta Mwewe akifuta kioo cha ndege, akasimama upande wa pili wa bawa.

"Hospitali imepata nafasi uwanja mkubwa," alisema. "Wamenidokeza kwamba nikionekana nawe mbele ya kamati, nafasi hiyo itapeperuka."

"Na wagonjwa wa ng'ambo?"

"Nitaruka kutokea kule. Ni mbali, ila nitaruka."

"Hao ndio hoja yetu kubwa, Daktari."

"Najua. Wataje. Mimi usinitaje."

Mwewe aliendelea kufuta kioo kilichokwisha kutakata. Alingoja hasira ije, haikuja. Kilichokuja ni kitu cha chini zaidi, kama baridi inayopanda kutoka sakafuni.

Mbele ya banda kulikuwa na benchi ambalo walizoea kulikalia jioni, wakisimuliana upepo wa siku hiyo na kutia chumvi. Sasa alilikalia peke yake. Hapo ndipo alipojikubalia jambo ambalo miezi yote alikuwa akilikwepa: alichokuwa akikipigania ni benchi hilo. Alisema njia ya kurukia, alisema sera, alisema haki ya raia, lakini moyoni alitaka jioni zile zirudi. Na jioni zile hazikuwa katika uwezo wa waziri yeyote. Alijiuliza kama kulikuwa na sababu nyingine ya kwenda mbele ya kamati. Alikaa muda mrefu kabla ya kuipata, na alipoipata haikumchangamsha; ilimtuliza tu.

Binti yake, aliyeishi jijini, alimpigia simu siku moja kabla ya kikao. Alimwomba aiuze ndege, aje alee wajukuu. Mwewe alimjibu kwamba wajukuu anawapenda, kisha akamuuliza ni basi gani linafika bungeni.

Katika chumba cha kamati, afisa wa wizara alieleza kwamba viwanja vidogo ni mahali pa michezo ya wenye nazo. Mwewe aliposimama na kuanza, "Sisi marubani," mwenyekiti alimkatiza kwa upole.

"Mama, hao wenzako wako wapi?"

Aligeuka. Safu za viti nyuma yake zilikuwa tupu, isipokuwa mlinzi aliyekuwa akisinzia. Angeweza kusema kwamba wamebanwa na kazi.

"Wamechoka kungoja, mheshimiwa. Wamekwenda walikokaribishwa."

"Kwa hiyo uwanja tuuache kwa ajili yako?"

"Mimi ninazeeka, hautanifaa kwa muda mrefu. Kuna watu ng'ambo ya mto. Ndege ikitokea jijini kwenda kwao, rubani akikuta mawingu hana mafuta ya kuzunguka akingoja yafunguke. Atageuza. Akitokea kwetu, anaweza kungoja. Ninaomba tu pawepo mahali pa kumwezesha mtu kungoja."

Mwenyekiti alimshukuru, akaita anayefuata. Mwewe alishuka ngazi akiamini ameambulia patupu. Hata hivyo wiki iliyofuata alirudi kwenye zile korido, na iliyofuata pia.

Mvua zilikuja zikapita. Asubuhi moja karani wa kamati alimpigia: sera imepitishwa, lakini viwanja vinavyotumika kwa matibabu na mafunzo vitabaki. Uwanja wake umo.

Alimpigia Daktari kabla ya mtu mwingine yeyote. Alimsikia akivuta pumzi. Daktari alimpongeza, akasema angetua hapo kujaza mafuta kila mara akienda ng'ambo, lakini kuhusu kurudi, hospitali ilikwisha kutia saini mkataba na uwanja mkubwa. Mwewe akasema anaelewa, na ilikuwa kweli. Binti yake alishangilia, kisha akauliza kama sasa atakuja.

"Uwanja nimwachie nani?"

"Mama, hilo ndilo ninalokuuliza siku zote," alisema binti.

Adhuhuri alitoa ndege. Uwanja haukuwa na mnara wa kuongozea; desturi ni rubani kujitangaza redioni kwa yeyote aliye karibu, ili wasigongane. Alipokuwa akirudi alibonyeza kitufe, akataja jina la uwanja, urefu wake angani na kwamba anazunguka kutua. Hakuna aliyemjibu. Alikuwa amekwisha kuanza kushuka redio ilipokwaruza.

"Aliyeita, nakusikia," ilisema sauti ya kijana asiyemfahamu, hafifu, ikitokea mbali kaskazini. "Nilidhani uwanja huo umefungwa."

"Upo," alisema Mwewe.

Alingoja aulizwe lingine. Redio ilinguruma kidogo, ikatulia. Akaipunguza mwendo ndege, akaacha redio wazi.