Jina la Sifongo

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Hadubini alikuwa akilitafuta jina lake kwenye makala alizoziandika mwenyewe, na kwa miaka kumi na mmoja alilikuta palepale: ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, kati ya dereva wa taasisi na fundi wa umeme. Jina la utani alipewa na wenzake wa maabara, kwa kuwa hakuonekana ila ameinamia hadubini. Kusema kweli walimpatia. Mgongo ulishaanza kupinda.

Aliyeumia zaidi ni mama yake, aliyeishi naye. Kila makala ikitoka aliomba nakala, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina ya juu. Profesa, mkuu wa maabara, yupo. Naibu wake yupo.

"Wewe wamekuweka wapi?"

Binti humfunulia ukurasa wa mwisho. Mama anaikunja makala na kuitia kwenye sanduku la nguo zake nzuri. Kule kukunja kulimkata Bi Hadubini maini kuliko matusi.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Mezani kwake palikuwa na chupa ya spiriti, na ndani yake kipande cha kahawia, sura mbaya, ambacho wapiga mbizi walikibandua chini ya mwamba. Watu wengi hudhani sifongo ni kitu cha kuogea tu, kumbe ni mnyama. Alikata kipande cha ukubwa wa punje ya harage, akakiloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo mpaka nyama yote ikayeyuka, vikabaki vijiti vya kioo vidogo kuliko vumbi. Hiyo ndiyo mifupa ya sifongo, na kwa mifupa hiyo hutambuliwa. Alivipima mia, kimoja kimoja. Kila kijiti kilikuwa na vichwa viwili, huku na huku, na katika vitabu vyote alivyovipekua kwa miaka mitatu hapakuwa na sifongo wa ukoo ule mwenye vijiti vya namna hiyo. Mnyama yule hakuwa na jina duniani.

"Tumepata," alisema Profesa, akiwa ameishika chupa kichwa chini miguu juu.

Kabla ya saa ya kutoka, rasimu ya makala aliyompa aisome ilisharudi, na juu yake majina mawili: Profesa na Naibu. Naibu aliwahi kukanyaga chumba kile mara moja, akitafuta stepla.

Bi Hadubini alirudi na rasimu nyumbani ikiwa imekunjwa kwenye mkoba. Mama aliisoma, akavua miwani.

"Huyu Profesa wako anapenda jina lake kuliko chakula," akasema, akaenda zake kulala.

Binti alibaki ameduwaa kwenye kochi. Kauli ile ilimwingia. Watu wa kazi yake wana mwiko mmoja ambao hata wazembe wanauheshimu: anayemwandika mnyama mpya hampi jina lake mwenyewe. Hakuna polisi atakayemkamata, lakini atachekwa katika kila jumba la makumbusho mpaka azikwe.

Asubuhi alibisha hodi ofisini kwa mkuu wake.

"Profesa, nimefikiria jina la yule sifongo. Nimeona tumpe lako."

Profesa aliiweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyebeba yai.

"Sikutarajia," akasema, ingawa uso ulisema alitarajia tangu akiwa shule ya msingi.

"Ila mwandishi hawezi kumpa mnyama jina lake. Itabidi utoke kwenye waandishi."

Profesa akakuna kidevu. Akamwita Naibu.

"Wewe utakuwa mwandishi. Wakaguzi wa jarida wakiuliza kuhusu vijiti, utawajibu."

"Vijiti gani?" akauliza Naibu.

Akaruhusiwa kurudi alikotoka. Profesa akachukua rasimu, akafuta jina la Naibu, akalitazama lake kwa muda mrefu, kisha akalifuta nalo. Bi Hadubini akachukua kalamu, akaandika lake mahali palipobaki wazi.

Zikabaki sifa za mnyama, ambazo Profesa alitaka kuzisoma mwenyewe, kwa sauti.

"'Rangi ya kahawia iliyochujuka.' Sawa. 'Akitolewa majini hunuka kama kitunguu kilichooza. Hutoa utelezi mwingi akiguswa.'" Akakohoa. "'Hukua juu ya wenzake na kuwafunika mpaka wasionekane. Ndani, kwa sehemu kubwa, ni mtupu.'" Akanyanyua macho. "Hii ya mtupu ni lazima?"

"Nimepima vipande vitatu, Profesa."

"Vyote?"

"Vyote."

Profesa alitazama tena kichwa cha habari, pale jina lake lilipokuwa limekwishavikwa mkia wa Kilatini. Lilipendeza. Akatia sahihi.

Makala ilipotoka, Bi Hadubini hakusubiri kuombwa. Mama alivaa miwani, kidole kikaenda juu, na hapo kikasimama. Palikuwa na jina moja tu, la binti yake, herufi nene. Alilisoma mara ya pili bila kutoa sauti. Kisha akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi, akaivaa tena. Binti naye alikuwa analia waziwazi, wala hakuona haya.

"Na Profesa wamemweka wapi safari hii?" aliuliza mama.

"Huyo hapo, mama. Ndiye sifongo."

Mama akasogeza karatasi karibu na dirisha, akasoma sifa moja baada ya nyingine, hana haraka. Kitunguu. Utelezi. Kuwafunika wenzake. Alipofika mwisho alitikisa kichwa.

"Umempima vizuri," akasema.

Safari hii makala haikwenda sandukuni. Aliiweka kwenye meza ya sebuleni, mbele ya kiti cha wageni, na juu yake akaweka miwani, kwa atakayekuja bila miwani yake.